Juniperi za bonsai, majina yake, na kwanini mwangati wetu usifuate vitabu vya Japani

Kuna juniperi moja inapendwa sana na watu wa bonsai, yaani wanaolea miti midogo kwenye vyungu, kule Florida, wenyewe wanaiita Parsonii. Ilitoka Japani karne ya 19, ikaingia Marekani kupitia kitalu cha familia ya Parsons pale New York, na tangu hapo haijawahi kutulia kwenye ukoo wowote. Kitalu hiki kinaandika Juniperus chinensis, kile kinaandika Juniperus davurica, cha tatu Juniperus squamata. Na mmea ni uleule jamani, umezalishwa kwa vipandikizi mkono kwa mkono zaidi ya miaka mia, yaani hata huwezi kusema ni mimea inayofanana, ni mti mmoja uliokatwakatwa ukasambazwa, halafu ukaandikwa spishi tatu.

Mtu asiyefuatilia ataona huu ni ubishi wa watu waliokosa kazi. Mimi natunza bonsai hapa Arusha, juniperi ndo miti ninayoipenda kuliko yote, na naamini kabisa kwamba huu ubishi wa uainishaji unamsaidia yule aliyeshika mkasi, ila lazima kwanza ajue wanabishania nini. Mwanabotania akisema jina anamaanisha jamii nzima ya miti ya porini, inayozaana kwa mbegu, yenye mipaka yake kwenye ramani. Mtu wa bonsai akisema jina mara nyingi anamaanisha mti mmoja maalumu na vipandikizi vyake. Hawa wawili wakikutana kwenye lebo moja ya plastiki ndo fujo inapoanzia.

Juniperi yenyewe nayo inachangia. Ikiwa mche mdogo inatoa majani ya sindano, yanachoma kwelikweli. Ikikomaa, spishi nyingi zinahamia kwenye majani ya magamba, madogo sana, yamelaliana kwenye kijiti kama vigae. Lakini hazisahau utoto wake: ukiipogoa kwa nguvu, ukatoa majani mengi kwa mpigo mmoja, inarudisha sindano, na zinaweza kukaa misimu kadhaa kabla magamba hayajarudi. Tawi moja linaweza kuwa na vyote viwili. Sasa chukua mwanabotania wa enzi hizo, amekaa Ulaya, ameletewa kitawi kikavu kimegandishwa kwenye karatasi, hajui kama mti ulikuwa mchanga, au ulikatwa na mbuzi, au umekaa kwenye chungu miaka hamsini. Anaona sindano, anaandika spishi. Mwingine anaona magamba ya mti uleule, anaandika nyingine.

Makundi makubwa hayana ubishi sana, kwahiyo nayapitia haraka. Jenasi ya Juniperus, yaani ukoo mzima wa juniperi, inagawanywa sehemu tatu. Moja ina spishi moja tu, Juniperus drupacea, ya upande wa mashariki ya Mediterania. Ya pili ni ya sindano maisha yote, humo ndo iko Juniperus rigida ambayo Wajapani wanaifanyia bonsai kali sana, na Juniperus communis ya Ulaya. Ya tatu, Sabina, ndo kubwa kuliko zote na ndo yenye magamba. Njia ya kuzitenganisha hizi mbili za mwisho ni rahisi ukiwa na kioo cha kukuzia: ile ya sindano majani yanakaa matatu matatu, na kila sindano ina kiungo pale chini inapoungana na kijiti. Kwenye Sabina hata jani likiwa la sindano halina kiungo, linashuka moja kwa moja likashikana na gome la kijiti. Hii tofauti inaingia mpaka kwenye mkasi, maana J. rigida unaibana machipukizi mapya ya sindano yakiwa bado laini, wakati juniperi ya magamba ukiibana ncha zote kwa vidole mwaka mzima unaidhoofisha, nguvu yake iko kwenye ncha, ile unakata kwa mkasi kijiti kimoja kimoja na unaacha ncha zingine ziendelee.

Moto unawaka ndani ya Sabina, na unawaka zaidi kwenye ile inayoitwa Juniperus chinensis.

Linnaeus, yule mwanabotania wa Sweden, aliipa jina hilo mwaka 1767. Baada yake kila juniperi ya Asia ya Mashariki yenye magamba ikawa inatupiwa humo. Shimpaku, ambayo ndo mfalme wa juniperi za bonsai, ilipewa jina la var. sargentii (var. maana yake ni aina ndani ya spishi) na mwanabotania Augustine Henry mwaka 1912, kwa heshima ya Charles Sprague Sargent wa Arnold Arboretum kule Boston, ambaye aliipeleka Marekani kutoka Japani miaka ya 1890. Ni juniperi ya kutambaa, ya miamba ya pwani na ya milimani. Wengine wakasema hapana, hii inatosha kuwa spishi kamili, wakaiandika Juniperus sargentii. Mpaka leo utakuta vyote viwili vimechapishwa.

Halafu kuna procumbens, hii ya kutambaa chini chini yenye sindano fupi za kijanikibluu, ambayo Marekani ndo inauzwa kwa wanaoanza bonsai kwa wingi ajabu. Mwaka 1847 mwanabotania Endlicher aliichapisha kama aina tu ya chinensis. Mwenzake Miquel akaja akaitoa akaifanya spishi inayojitegemea. Vitalu vikagawanyika, wengine wanaandika Juniperus procumbens 'Nana', wengine Juniperus chinensis var. procumbens 'Nana', na mteja anadhani ni mimea miwili. Na kwenye kitabu hichohicho cha Endlicher, mwaka huohuo 1847, ndo ilichapishwa Juniperus procera, yaani mwangati, ule mti unaoota Shume kule Lushoto, Kilimanjaro na hapa kwenye mlima wetu wa Meru. Nitaurudia.

Aliyeugeuza mjadala mzima ni Robert P. Adams wa chuo kikuu cha Baylor, Texas. Huyu mzee hakuridhika na kuangalia majani. Alianza kukamua mafuta ya majani na kuyapima kwenye mashine ya gesi kromatografia, kwa sababu kila juniperi ina mchanganyiko wake wa kemikali za harufu, na baadaye akaingia kwenye DNA, ile ya kwenye kiini cha seli na ile ya kloroplasti. Kitabu chake cha juniperi za dunia kilitoka 2004 na toleo la nne likatoka 2014, na humo anahesabu spishi zinazokaribia 75. Upande wa pili yuko mwanabotania Aljos Farjon, ambaye alitoa kazi yake kubwa kuhusu familia yote ya Cupressaceae mwaka 2005, na spishi zake za juniperi ni chache kuliko za Adams kwa mbali. Miti ni ileile. Adams akiona tofauti ya kemia na DNA inayojirudia anaitenga, Farjon anataka aione kwenye umbo pia, kwenye tawi analoweza kulishika mkononi.

Mimi niko upande wa Adams, na nasema wazi. Mtu anayelea mti kwenye chungu anahitaji kujua tofauti ambazo jicho halizioni, kwa sababu mizizi, chipukizi na magonjwa haviangalii umbo la jani peke yake. Procumbens kwa mfano, kwa mafuta yake na DNA yake, Adams anaiweka spishi peke yake, na ukiilea unaona inaeleweka: inang'ang'ania sindano hata ikizeeka, wakati shimpaku ukiiacha itulie inarudi kwenye magamba. Mtu aliyeambiwa kwamba procumbens ni chinensis atakaa anasubiri magamba yaje.

Mfano ambao DNA ilimaliza kesi ni juniperi ya bustani inayoitwa Pfitzer. Hii ilitoka kitalu cha Späth, Berlin, mwishoni mwa karne ya 19, ikauzwa miaka mingi kama chinensis. Mwaka 1947 Mmarekani Van Melle akasema jamani hii ni chotara, damu ya chinensis na damu ya Juniperus sabina ya Ulaya na Asia. Wengi wakampinga, wengine wakamkubali, lebo zikabadilika, zikarudi, zikabadilika tena. Mwaka 1999 Le Duc, Adams na Zhong wakapima DNA, wakakuta Van Melle alikuwa sahihi, ni chotara wa hizo mbili. Kwahiyo leo jina ni Juniperus × pfitzeriana, ile alama ya kuzidisha inaonyesha uchotara. Miaka hamsini na kitu ya ubishi. Na bado ukiingia kwenye kitalu unakuta imeandikwa chinensis.

California kuna kesi nyingine ambayo bado ina joto. Ile juniperi ya milima ya Sierra Nevada, yenye mashina mekundu yaliyopinda na kupasuliwa na theluji na upepo, watu wa bonsai wa huko wanaithamini sana. Mwaka 1966 Frank Vasek aliitenga kama kundi dogo ndani ya Juniperus occidentalis, akaiita australis. Mwaka 2006 Adams akaipandisha kuwa spishi, Juniperus grandis. Wapo waliokubali, wapo wanaoendelea na jina la zamani. Ukimuuliza mkusanyaji wa miti ya porini atakwambia kabla hajasoma karatasi yoyote alishajua ziko mbili, maana ile ya Sierra majani yake yamebana na ile ya kaskazini majani yamelegea, mpaka wengi wanaamua kuibandikia majani ya shimpaku.

Na hapo kwenye kubandikiza ndo uainishaji wote unapigwa chenga. Mtu ana shina la juniperi ya California, au ya Rocky Mountain ambayo ni Juniperus scopulorum, lina miaka mamia, lina mbao mfu nyeupe iliyosokotwa vizuri ajabu, lakini majani yake ni ya kukwaruza. Anabandika vitawi vya shimpaku kwenye shina hilo, baada ya miaka kadhaa anaondoa majani yote ya asili. Japani nao wanafanya, hata kwenye mashina ya J. rigida wanapachika shimpaku. Sasa mti huo ni spishi gani? Mizizi na shina ni kimoja, kila jani unaloliona ni kingine. Maoni yangu ni kwamba lebo lazima iseme vyote viwili. Kuandika shimpaku peke yake ni kuufuta mti uliosimama mlimani miaka mia tatu, na pia ni hatari kwa atakayeununua, maana maji na mbolea vinapokelewa na mizizi, na mizizi hiyo siyo ya Japani.

Tukibaki Japani, kuna jambo ambalo hakuna mwanabotania atakayelimaliza. Watu wa bonsai wanatofautisha shimpaku ya Itoigawa, ya mkoa wa Niigata, na shimpaku ya Kishu, ya upande wa Wakayama. Itoigawa ina majani membamba, ya kijani kibichi, yamebana. Kishu ni nene kidogo na rangi yake imeelekea bluu. Mwanzoni mwa karne ya 20 wakusanyaji walikuwa wanajifunga kamba wanashuka kwenye miamba ya chokaa ya mlima Myojo huko Itoigawa, wengine walikufa huko, na miti waliyoitoa ndo ikawa mama wa vipandikizi vilivyoenea dunia nzima. Kibotania hizo zote ni var. sargentii, basi. Mtu akikuuliza Itoigawa ni spishi au siyo spishi, swali lenyewe limekaa vibaya. Itoigawa ni mahali na ni nasaba, ni miti michache iliyochaguliwa kwa mikono na macho ya watu, ikapandikizwa. Mimea iliyochaguliwa na binadamu ina kanuni zake za kimataifa za majina, ndo maana unaona jina kwenye alama za nukuu, kama 'Nana' au 'Foemina'.

Hiyo Foemina, ambayo ni chinensis iliyochaguliwa, ndo imebeba bonsai maarufu kuliko zote Marekani, Goshin ya John Naka, msitu wa miti kumi na moja, mmoja kwa kila mjukuu wake, aliouanza 1948 na akautoa zawadi 1984, uko Washington kwenye jumba la makumbusho la bonsai la taifa. Hakuna anayesimama mbele ya Goshin akauliza kama chinensis igawanywe. Ila Naka mwenyewe alijua ana mti upi, tena kwa jina la kloni, yaani mti mmoja na vipandikizi vyake, na ndo maana aliweza kuweka miti kumi na moja kwenye sinia moja ikaenda kwa mwendo mmoja.

Sasa turudi nyumbani.

Mwangati, au mtarakwa kama wanavyouita Kenya, ndo juniperi pekee inayoota kiasili kusini mwa ikweta. Unaanzia Uarabuni, unashuka Ethiopia, Kenya, Tanzania, mpaka Malawi na Zimbabwe. Watu wengi wanaujua kwa nguzo za uzio, maana mchwa hawauwezi, na wenye umri wanaukumbuka kama mti wa penseli. Nao haukukosa kesi. Kuna wanabotania waliouona ni Juniperus excelsa tu, ile iliyoelezwa mara ya kwanza kutoka Crimea na inayoota Uturuki na Balkani, wakataka mwangati uwe tawi lake la kusini. Mwaka 1990 Adams akapima mafuta ya majani ya mwangati wa Afrika Mashariki, na mwaka 1993 yeye na wenzake Demeke na Abulfatih wakalinganisha DNA ya miti ya Uarabuni na ya huku kwetu. Jibu likawa procera ni spishi kamili, na ile miti ya milima ya kusini magharibi mwa Saudia ni mwangati kama wetu.

Ndugu zetu walioko Oman wasikilize hapa, kwa sababu ile juniperi ya Jabal Akhdar mnayoiona mkipanda milimani siyo mwangati. Mwaka 2014 Adams, Al-Farsi na Schwarzbach walipima DNA yake wakathibitisha ni Juniperus seravschanica, ya Asia ya Kati na Iran, na Oman ndo mwisho wake wa kusini. Pande mbili za Bara Arabu, juniperi mbili, moja imetazama Afrika na nyingine imetazama Asia. Ukiziangalia kwa mbali zote ni mti wa magamba wenye vitunda vya rangi ya bluu, huwezi kuzitenga.

Kwanini hili linanigusa hivi. Kwa sababu watu wengi wa bonsai huku wanashika kitabu cha shimpaku wanakifuata mstari kwa mstari juu ya mwangati. Shimpaku ni mti wa kutambaa kwenye miamba, wa nchi yenye majira manne, unalala wakati wa baridi, na kalenda yake yote ya kubadilisha udongo, kufunga waya na kukata imepangwa kufuata huo usingizi. Mwangati ni mti wa kwenda juu, unafika mita 40 huko msituni, ni wa mwinuko wa mita 1,500 mpaka 3,000 kwa sehemu kubwa, na haujui kitu kinaitwa majira ya baridi ya Japani. Unajua masika na vuli. Mimi nabadilisha udongo mvua zinapokaribia kuanza, na Juni mpaka Agosti wakati ubaridi na ukavu vinashika hapa Arusha sigusi mizizi.

Shika kitawi cha mwangati uliokomaa ukiangalie kwa karibu. Magamba yanakaa mawili mawili, yanapishana, na mgongoni mwa kila gamba kuna kitezi kidogo cha utomvu, ukikisugua kwa kucha harufu inatoka palepale, kali na kavu. Gome la shina linachanika nyuzi ndefu nyembamba. Ukilifunua kufanya mbao mfu, ile Wajapani wanayoiita jin na shari, chini yake utakuta mbao nyekundu hivi ambayo haiozi upesi, na huo ndo utajiri ambao hatujautumia bado, maana kazi nusu ya bonsai ya juniperi iko kwenye mbao mfu. Ubaya wake ni kwamba majani ni manene kuliko ya Itoigawa na ukiukata kwa pupa unakurudishia sindano mti mzima. Kwahiyo unakata kidogo, unasubiri, unakata tena. Theluthi ya majani kwa mara moja kwangu mimi imeshakuwa nyingi.

Kuna na suala la ugonjwa. Kutu ya mipeasi, ugonjwa wa kuvu unaosumbua Japani, inaishi maisha mawili, nusu ya mwaka kwenye J. chinensis na ndugu zake, nusu kwenye mpeasi, mpaka kuna halmashauri za huko zinazuia kupanda juniperi hizo karibu na mashamba ya mapeasi. J. rigida siyo mwenyeji wake wa kawaida. Mkulima wa mapeasi hawezi kuambiwa "ni juniperi tu", lazima ajue ni ipi.

Kwahiyo lebo zangu naandika hivi, na nawaomba wadau wenzangu tuandike hivi: kwanza spishi kwa jina la sasa, kisha jina la kloni kama lipo na kwenye alama zake za nukuu, kisha mti ulikotoka. Kwa mwangati usio na jina la kloni hicho cha tatu ndo muhimu kuliko vyote, andika Shume, au West Kilimanjaro, au Meru, na mwinuko ukiujua. Mbegu chukueni kwa miti ya mashambani na kwenye vitalu vinavyozalisha miche ya mwangati, na anayetaka kuingia hifadhi ya msitu apate kibali cha TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, kwanza, kwa sababu mwangati umekatwa sana na kung'oa mche porini hata kama ni mmoja ni kuuongezea mzigo. Miche ya kitalu ya mwaka mmoja ni bei ndogo, bado ina sindano tupu, na hapo ndo pazuri pa kuanzia kuona kwa macho yako ni lini magamba ya kwanza yatatokea.